Ua la Ukuta wa Shangazi

Kazi yangu ni kukausha mimea. Nikisema hivyo arusini, watu hudhani nauza dawa za kienyeji, na hakosekani mama mmoja wa kuniuliza kama ninayo ya mgongo. Sina. Ninachofanya ni kuchukua mmea wa porini, kuutandaza katikati ya magazeti, kuubana kwa mbao na mikanda mpaka ukauke, kisha kuugundisha kwenye karatasi nene na kuandika chini umetoka wapi. Chumba chetu kiko mjini Bujumbura, chini ya bati linalovuja, na kabatini mwake mna majani yaliyokatwa na watu waliokwisha kufa zamani. Mshahara hautoshi, umeme hukatika, na mende wanaipenda gundi yetu kuliko tunavyopendwa sisi na wakubwa wetu. Hata hivyo naipenda kazi hii. Nasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba yaliyotokea Kibenga niliyachukulia kwa wepesi.

Kuutambua mmea ni kujibu maswali. Tuna vitabu ambavyo kila hatua vinakuuliza mambo mawili: shina linajizungusha au limesimama? Jani lina nywele au halina? Ukijibu hivi unapelekwa ukurasa huu, ukijibu vile unapelekwa kule, mpaka ufike kwenye jina. Tunauita ufunguo, na ufunguo haukubali kubahatisha. Ukikosa jibu la swali moja tu, umebaki mlangoni na kitabu chako mkononi.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa fundi cherehani huko Buyenzi kabla ya kuolewa. Mumewe aliuza vipuri vya magari, akapata kiwanja Kibenga, kando ya ziwa, enzi ambazo watu walimcheka kwamba anakwenda kuishi na viboko. Baadaye matajiri nao wakaja, wakajenga ghorofa zao kila upande, na shangazi akawa na nyumba ndogo kuliko zote katika njia ile, na iliyo karibu na maji kuliko zote. Mume akafariki. Watoto wakaenda ng'ambo, wakawa wanampigia kwa video na kumsihi ahame. Yeye alijibu kwa kuwaonyesha kwenye simu sufuria alilokuwa anapikia.

Cha thamani alichobaki nacho ni hereni zake za arusi, vidude viwili vya dhahabu, vidogo, vya duara. Moja ina kibonyeo. Inasemekana nilikifanya mimi nilipokuwa naota meno, nikiwa mgongoni kwake, nikamvuta sikio na kuing'ata. Hakuna sherehe ya ukoo ambapo habari hiyo haikusimuliwa. Nimezeeka nayo.

Watoto wake walimsihi ahame kwa sababu ziwa lilikuwa limeanza kuja. Halikuja kwa kishindo. Tanganyika lilipanda kidogo kidogo, msimu hadi msimu, likachukua ufukwe, likachukua bustani ya lengalenga, yaani mchicha wetu, likachukua choo cha nje, mpaka likasimama kwenye ukuta wa nyuma na kuanza kulamba matofali. Upande mmoja wa ukuta ukalala chini. Shangazi akapanga mifuko ya mchanga, akafuta mikono.

"Mi siendi popote," aliniambia. "Ziwa ilinikuta hapa. Itaniacha hapa."

Kwetu shangazi ni baba aliyevaa kitenge. Habishiwi. Nilisaidia kupanga mifuko, nikarudi kwangu Nyakabiga nikiwa na matope hadi magotini na hasira nisiyokuwa na wa kumpa.

Ua lile nililiona Jumapili moja asubuhi nilipompelekea mkate. Lilikuwa limepanda kwenye kile kipande cha ukuta kilichobaki, kwa ndani, juu ya matofali mabichi. Kwa mbali nilidhani ni viazi vitamu vilivyotoroka bustani ya mtu. Shangazi naye alidhani hivyo.

"Hiyo ni ndugu ya matembele," alisema. "Lakini nilipika majani yake, ikawa chungu. Haina faida."

Nilisogea nikalitazama, na mkate nikausahau kwapani. Shangazi alikuwa amesema kweli kuhusu undugu, kwani mmea ule ni wa jenasi moja na kiazi kitamu. Shina lilijizungusha kama mashina yote ya ukoo ule, na nilipovunja kijiti kikatoa maziwa meupe. Lakini vinyweleo vya shina vilielekea nyuma, kuelekea mizizini, na ukipitisha kidole kutoka chini kwenda juu vilikukwaruza. Jani lilikuwa na umbo la moyo, juu kijani kikavu, chini limefunikwa na malaika laini ya rangi ya fedha. Ua lenyewe lilikuwa jeupe, refu, limefunguka kama faneli ya mafuta ya taa, na kooni lilikuwa na zambarau iliyoiva mno hata ilikaribia weusi. Ndani mlikuwa na stameni tano, vile vijiti vinavyobeba chavua, na hakuna mbili zilizolingana urefu. Vile vijani vitano vinavyolishika ua kwa chini, yaani sepali, ndivyo vilivyonitoa jasho. Vitatu vya nje vilikuwa na kipembe mgongoni, kama kidole kidogo kilichokunjwa. Nimepitisha mikononi mwangu kila karatasi ya ukoo huo iliyomo kabatini mwetu. Kipembe kile sikuwahi kukiona.

Kabla ya saa sita ua likajikunja na kulegea. Maua haya hayaishi siku nzima; hufunguka alfajiri na mchana yamekwisha. Lakini kesho yake yanafunguka mengine.

Jumatatu niliketi na ufunguo. Nilijibu shina, nikajibu jani, nikajibu sepali, nikatazama chavua kwa hadubini na kuona miiba yake, kama inavyotakiwa. Ndipo kitabu kikaniuliza: mbegu zina nywele ndefu pembeni, au ni kipara? Ukisema nywele, unaingia kundi moja. Ukisema kipara, unaingia jingine, na makundi hayo mawili ni watu wasioamkiana. Mbegu sikuwa nayo. Nikakwama hapo.

Nilimpelekea picha mtaalamu mmoja wa Nairobi, mama ambaye maisha yake yote ameyatumia katika familia hiyo ya mimea. Alijibu upesi kuliko nilivyotegemea. Aliandika: "Usiung'oe. Tafuta mwingine. Na tunda liko wapi?"

Mwingine nilitafuta. Nilifuata ufukwe kwenda kusini na kurudi kaskazini, nikauliza wakata nyasi, nikabughudhi walinzi wa matajiri wanifungulie mageti. Hakukuwa na mwingine. Ziwa lilikuwa limeumeza ufukwe wote ambamo mmea wa aina hiyo ungependa kukaa, na huo mmoja ulikuwa umekimbilia ukuta wa shangazi. Nilikata vipandikizi, nikavipanda kwenye makopo kwangu Nyakabiga. Vilichipua majani machache ya kunipa moyo, kisha vikanyauka kimoja kimoja bila hata kuniambia kosa langu.

Basi ikabaki kusubiri tunda ukutani. Mimea mingi ya ukoo ule haizai kwa chavua yake yenyewe. Inataka ya jirani, na huu haukuwa na jirani. Kila asubuhi maua yalifunguka mengi, nyuki wakaja, mchana yakaanguka bila kitu. Nilikuwa nikifika Jumapili nakuta yametapakaa chini kama karatasi za maandazi. Mtaalamu akauliza kila wiki, nami nikajibu kila wiki: bado. Na maji yakazidi kusogea. Siwezi kueleza jinsi inavyochosha kusubiri kitu ambacho huwezi kukisaidia kwa lolote. Huwezi kukivuta. Huwezi kukipigia kelele. Unakitazama tu.

Shangazi aliona ninavyotazama. Nilimwambia jambo moja tu: "Shangazi, tafadhali, ua hili lisiguswe." Tangu hapo akaliweka katika ulinzi wake. Alihamishia kiti chake karibu na ukuta, akafukuza mbuzi wa jirani kwa kandambili, akawagombeza watoto waliopita kuogelea. Wageni wake wa alasiri aliwaambia ana ua ambalo serikali inalitafuta.

Halafu, majuma machache kabla ya mvua kubwa, sepali za maua kadhaa hazikuanguka. Zilijifunga, zikavimba. Ndani yake vikatokea vijitunda vya duara, vichache, saizi ya njegere. Nilipiga yowe. Shangazi alitoka jikoni na mwiko akidhani ni nyoka.

Vijitunda vibichi havina kazi. Nywele za mbegu hukomaa mwishoni kabisa, tunda likishakuwa kavu na jepesi, la rangi ya majani makavu, likikaribia kupasuka lenyewe. Ukiliwahi, unapata mbegu laini nyeupe isiyosema lolote. Nikaviacha. Jumapili iliyofuata vilikuwa vimeanza kugeuka rangi. Mtaalamu akapiga simu: angepita Bujumbura safarini, analala Ijumaa na kuondoka Jumamosi jioni. Kwa hesabu yetu vijitunda vingekuwa tayari Jumamosi hiyo hiyo. Tungevichuma pamoja. Kama mbegu ni kipara na sepali zina pembe, alisema, basi ua hilo halina jina duniani. Kama zina nywele, bado lilistahili kuandikwa upya, lakini tungejua ni la kina nani.

Ijumaa nilimpigia shangazi. Nilisema, "Kesho nakuja na mgeni kutoka Nairobi. Anakuja kuona ua."

"Nairobi!" alisema. "Anakula nini?"

Jumamosi asubuhi Bujumbura haitembei. Ni saa za kazi za pamoja: kila mtaa unatoka na majembe na mafagio kuzibua mitaro na kufyeka majani, na magari hayapiti mpaka kazi iishe. Kwa hiyo mtaalamu alikaa hotelini akitazama saa, nami nikawa Nyakabiga nachimba mtaro na wenzangu nikitazama jua, maana ua letu halikuwa na habari ya kazi za pamoja na lingejikunja wakati wake ukifika. Njia zilipofunguliwa tulichukua teksi, na njiani nikawa naomba radhi kwa ajili ya ua, kwa ajili ya serikali, na kwa ajili ya mashimo ya barabara.

"Maua nimeshayaona kwenye picha," alisema kwa upole. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, amejifunga kilemba kikubwa kilichofunika kichwa mpaka masikio. "Mimi nataka mbegu."

Shangazi alitupokea getini. Alikuwa amevaa kitenge cha Idi.

"Shikamoo mama," mgeni akasema.

"Marahaba, marahaba!" Kisha akaninong'oneza: "Ni kama radio, vile anaongea."

Uwanja ulikuwa umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana, na umemwagiwa mchanga safi juu ya matope. Viti vya plastiki vilikuwa vimevalishwa vitambaa. Harufu ya mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kukaanga na ndizi ilitoka jikoni. Na ukutani shangazi alikuwa ametundika kitenge kilichoroweshwa maji, amekifunga kwa kamba kutoka msumari hadi msumari, kikafanya kivuli juu ya ua. Alitushika mikono, akatusogeza, akakifunua kitenge kama anavyofunuliwa bibi arusi.

Maua yalikuwa wazi. Ilikuwa karibu saa sita, na maua yalikuwa wazi, meupe, koo zao za zambarau zimelowa. Tangu nianze kazi hii sikuwahi kuyaona wazi saa hiyo. Alikuwa amerowesha kitambaa na kukirowesha tena asubuhi nzima ili mgeni asiyakose. Majani alikuwa ameyapangusa moja moja kwa kitambaa. Hapakuwa na jani la njano hata moja, wala kijiti kikavu, wala ua la jana. Mmea mzima ulimetameta kama wa dukani.

Nilitafuta vijitunda kwa macho. Nikatafuta tena, taratibu, kutoka chini hadi juu. Mgeni naye nilimwona akitafuta.

"Shangazi," nilisema, "vile vikavu vilivyokuwa hapa... vile vya duara..."

"Eh, ile vichafu?" alisema kwa furaha. "Nilitoa yote. Asubuhi, baada ya sala, nilikaa kwenye kiti na mukasi yangu ya kushona, nikakata moja moja. Polepole! Uliniambia nisiguse ua, sikugusa hata moja. Mutu atoke Nairobi aje kuona maua, akute imekauka kando-kando? Apana. Aibu hiyo mi siwezi."

"Ukaviweka wapi?"

Alinyoosha kidevu kuelekea pale ukuta ulipolala. "Si kwa maji? Uchafu yote tunapeleka kwa maji sasa. Ziwa iko inatutupia yake, tunairudishia."

Nataka niseme kwamba sikukasirika. Nilikasirika. Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto, na hasira ile haikuwa na mahali pa kwenda, kwa sababu mbele yangu alisimama mwanamke mzee aliyepangusa majani kwa kitambaa, aliyetii neno langu kama lilivyotoka mdomoni mwangu. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji apone nini. Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini, na sitajua, kwa sababu mgeni alinitangulia.

"Mama," alisema, "samahani sana. Naona nimeangusha kitu pale nilipokuwa nachungulia ziwa."

Alikuwa hajachungulia ziwa. Lakini alikuwa amekwisha vua viatu, anapita juu ya mifuko ya mchanga, nami nyuma yake.

Maji yalitufika magotini. Kando ya ukuta ziwa lilikuwa limekusanya takataka zake: chupa, matete, kandambili, mapovu ya sabuni, majani ya migomba. Katikati ya vyote hivyo vilikuwa vinaelea, au vimekwisha kwenda, vijitunda vyepesi saizi ya njegere, vya rangi ileile ya kila kitu kingine. Tuliinama. Tulipekua kwa vidole. Kila punje kavu niliyoiokota moyo uliruka, na kila punje ilikuwa mbegu ya papai au kipande cha mkaa. Wimbi dogo lilikuja likavuruga tulipokwisha pekua, likaondoka na kurudi na mengine. Nilitaka kulia, na nikalia kidogo, kwa kuwa uso ulikuwa umeinama na haukuonekana.

"Mumepoteza nini?" shangazi aliita kutoka juu ya mifuko.

Mgeni alinyanyua kichwa. "Hereni, mama."

"Yarabi! Ya namna gani?"

Alifikiri kidogo tu. "Ndogo," alisema. "Ya duara. Rangi ya..." akatazama maji, "ya dhahabu."

Nilielewa alichokuwa anakieleza, na nikaelewa kwa nini. Hakutaka mwenyeji wake ajue alichokikata. Ilikuwa heshima kubwa, na ilifanya mambo kuwa mabaya zaidi, maana shangazi alishika kichwa kwa mikono miwili. Mgeni kupoteza dhahabu nyumbani kwake! Alikunja kitenge cha Idi, akaingia majini mwenyewe. Tukawa watatu, wawili tunatafuta tunda na mmoja anatafuta hereni, mpaka mgeni akasema basi, mama, ni kitu kidogo, Mungu atalipa, twende tukale.

Tulikula. Mukeke ulikuwa mtamu na sikuuonja. Mgeni alikata vijiti vya maua, tukavibana kwenye magazeti niliyokuja nayo, akapima kila kitu kwa rula, akapiga picha. Shangazi hakumwacha aondoke mikono mitupu. Alimfungashia ndagala, dagaa wa kwetu, waliokaushwa. Kwenye uwanja wa ndege mgeni aliniambia, "Labda vitatokea vingine." Wote wawili tulikuwa tunajua kipi kingewahi, tunda au maji.

Mvua kubwa zilianza juma lile. Kila Jumapili nilipokwenda nilimkuta shangazi ameinama kando ya ukuta na ungo wa kuchekechea unga, anachekecha matope. Nilimwambia aache. Nilimwambia mgeni amekwisha sahau, ana nyingine, ni za bei rahisi. Aliniangalia kana kwamba nimetukana.

"We, mugeni alikuja kwangu muzima, akatoka na sikio moja tupu," alisema. "Atasema nini huko kwao? Kwamba Bujumbura inakula dhahabu ya watu?"

Kumwambia ukweli kungemtoa matopeni. Lakini ukweli wenyewe ulikuwa kwamba kitu alichokitupa ndicho tulichokuwa tunakitafuta, kwamba asubuhi ile aliyokaa na mkasi wake polepole ndiyo iliyokata kila kitu. Kila Jumapili nilifika nimeazimia kusema, na kila Jumapili nilishika ungo upande wa pili nikamsaidia kuchekecha. Nilikuwa nachekecha kweli, lakini kwa ajili ya mbegu. Sikupata.

Ua liliendelea. Maji yalipofunika sehemu ya chini ya ukuta, kichwa chake kilibaki juu na bado kilifungua maua alfajiri, meupe, machache zaidi kila juma, yakigusa maji. Mizizi ilikuwa imekwisha oza. Mmea wa namna hii hutumia kilichobaki shinani mpaka kiishe, haujui kwamba umekufa. Siku ukuta ulipoanguka sikuwepo. Shangazi alinipigia simu, na hakuzungumzia ukuta wala chumba cha nyuma kilichoingia maji.

"Nimeipata!" alisema. "Hereni ya mugeni! Njoo uchukue."

Nilifika na gari la kukodi kubeba vitu vyake, kwa sababu siku hiyo hata yeye alikuwa amekubali kwamba nyumba imekwisha. Alikuwa ameketi juu ya cherehani yake iliyofunikwa nailoni, barabarani, kwenye jua. Mtandio alikuwa ameuvuta mpaka kwenye taya, pande zote mbili, na jasho likimtiririka.

Alinipa kifundo cha kitambaa. "Ilikuwa chini kabisa ya matope. Niliosha na sabuni."

Nilifungua. Kilikuwa kidude kidogo cha dhahabu, cha duara. Nilikigeuza kwa ukucha, na upande wa pili nikakuta kibonyeo cha jino langu.

Nilimtazama. Yeye alitazama gari, akawaambia vijana wa kupakia wasilale.

"Ndiyo yenyewe?" akauliza bila kugeuka.

"Ndiyo yenyewe, shangazi."

"Al-hamdulillahi."

Nilimpigia mtaalamu usiku huo huo nikamweleza. Aliniomba nirudie habari ya kibonyeo. Kisha akasema hawezi kuipokea, na hawezi kuikataa, na akaniomba niamue mimi niliye karibu. Niamue nini? Kuirudisha ni kumwambia shangazi kwamba hapakuwa na hereni, na akishajua hapakuwa na hereni atauliza tulikuwa tunatafuta nini majini.

Maelezo ya ua tumeyaandika sisi wawili. Tumeeleza shina na vinyweleo vyake vinavyotazama nyuma, jani na malaika yake, pembe za sepali, zambarau ya kooni. Panapotakiwa tunda, wataalamu wana maneno yao ya kawaida, na tukayatumia: tunda halikuonekana, mbegu hazikuonekana. Nililiona. Nililiona Jumapili kwa Jumapili likigeuka rangi. Lakini kuona kwa namna hiyo hakuandikwi, na bila mbegu hatuwezi kusema ni la kundi gani, kwa hiyo tumeliacha hapo, nje ya makundi yote mawili, bila jina. Kona ya karatasi ya mmea hugundishwa kibahasha cha mbegu, hata kama hakuna mbegu. Hereni nimeiweka humo.

Shangazi sasa anaishi kwangu Nyakabiga, ambako hakuna ziwa na hakuna nafasi. Anashonea majirani na kulaumu chai yangu. Juzi alinikuta nimetandaza karatasi mezani, akaja akasimama nyuma yangu.

"We, ile ua yangu, mulishaandika?"

"Tumeandika."

"Yote?"

"Yote, shangazi."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaurudisha mtandio juu ya sikio lake la kushoto, akaenda kutafuta mkasi.